Halima Watatu, na Mimi wa Nne

Leso mpya ambayo haijaingia maji ina harufu yake. Ni harufu ya wanga na rangi, na kitambaa chenyewe ni kigumu hata kinalia ukikikunjua. Juzi mkwe wangu aliniletea doti moja akaitandaza kitandani, na kabla sijasoma maneno ya pindoni nilikuwa nimesharudi Majengo, chumbani kwetu, nimesimama na shimizi asubuhi na mapema, na wanawake wazima wanne wananizunguka. Acheni niwasimulie yaliyotokea. Walioshuhudia karibu wote wametangulia, na wachache waliobaki huwa wanaisimulia vibaya.

Majengo ya miaka ya hamsini ilikuwa nyumba za udongo zilizopakwa chokaa, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na juu paa la madebe yaliyopasuliwa yakapondwa yakawa bapa. Mvua ikinyesha hamsikilizani. Watu walikuwa wa kila namna: Wamanyema, Wanubi, Wakikuyu, watu wa Mombasa, na kila mtu alizungumza Kiswahili chake akidhani ndicho. Baba yangu alikuwa taniboi, yaani utingo wa lori, na nyumbani tulimwona kama mgeni. Mama alikuwa ametoka Ukambani. Aliposilimu ili aolewe, kwao walimwambia asirudi tena, na hakurudi. Alifika Nairobi na mimba yangu na kikapu, hajui mtu.

Katika mtaa wetu jina la Halima lilikuwa limeenea, lakini Halima waliojulikana hata ng'ambo ya Muthurwa walikuwa watatu, na kila mmoja alijulikana kwa lake.

Wa kwanza ni Halima Mkunga. Huyu alikuwa mwembamba, mwenye mikono mirefu, na alikuwa amewapokea watoto wengi hata hakuweza kupita njia bila kusimamisha mtu mzima na kumkumbusha mbele ya wenzake jinsi alivyotoka kwa miguu. Wanaume wakimwona wanakata kona.

Wa pili ni Halima Gramafoni. Alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, iliyokaa juu ya meza yake imefunikwa kitambaa cha kufuma, na ndiye aliyekuwa kiongozi wa lelemama. Sijui kama vijana wa leo wanaijua ngoma ile: akina mama kwenye safu moja, sare moja, wanacheza kwa shingo na mikono tu, hawana haraka. Chama chake kilipopangwa kushindana na cha Shauri Moyo, mapishi yalilala mtaa mzima. Alikuwa mnene, anacheka kwa sauti, na anatia iliki katika kila kitu, hata maharagwe.

Wa tatu ni Halima Mabati, na huyu tulimwogopa. Nyumba zake zilikuwa tano, na ile aliyokaa ilikuwa na paa la mabati halisi, mapya, wakati sisi wengine tulikuwa chini ya madebe. Alikaa barazani na buibui lake amelishusha mabegani, anatazama mtaa kama mtu anayekagua mchele. Mtoto akipiga kelele mbele yake anatajiwa jina, na la baba yake, na anaambiwa aende zake. Lakini ndiye aliyempa mama yangu chumba siku ile aliyofika na kikapu, wakati wengine walimwuliza, "Wewe ni wa nani?" naye akakosa la kujibu.

Sasa lazima niwaeleze habari ya somo, maana bila hiyo hamtanielewa. Kwetu, mtu yeyote mnayeitwa naye jina moja ni somo yako, mnaitana hivyo njiani na mnacheka. Lakini yuko somo wa haki, yule ambaye mama yako alimfikiria alipokuita jina hilo. Huyo ana hesabu yake. Anakushonea nguo ya sikukuu, anaulizwa unapoposwa, na siku unapohitimu Kurani yeye ndiye anayekuja kwenu asubuhi, anakuvisha, anakufunika leso mpya, kisha anakushikia mwavuli mtaa mzima mpaka chuoni ili kila mtu aone kwamba huyu ni jina lake. Na kuna jambo jingine: somo wa haki hajitapi. Kumsifia mtoto hadharani kulikuwa ni kumtafutia kijicho, kwa hiyo mtu alilificha lake moyoni akangoja siku ya mwavuli.

Kimya hicho ndicho kilichomponza mama yangu.

Nilipozaliwa, Halima Mkunga ndiye aliyenipokea. Aliniosha, akanifunga, akauliza jina. Mama alikuwa amechoka na amejaa shukrani. Alimwambia, "Halima. Nimempa jina lako." Mkunga alitoka pale analia. Siku chache baadaye Halima Mabati aliingia kututazama, akasimama mlangoni bila kuketi, akauliza anaitwa nani. Mama alimtazama mwanamke aliyempa mahali pa kulala, akasema, "Ni somo yako, Bi. Nilikufikiria wewe." Naye Halima Gramafoni alikuwa akileta uji wa pilipili manga kila asubuhi mpaka arubaini yangu ikaisha. Mama angemwambia nini? Alimwambia vilevile. Na hakuna aliyemwambia mwenzake, kwa kuogopa kijicho.

Mimi nilikua nikijua tu kwamba nina bahati. Idi ndogo gauni lilitoka kwa Mkunga, Idi kubwa kwa Mabati, na Maulidi kwa Gramafoni, lenye marinda mengi kuliko yote. Mama alikuwa na amri zake. Nikivaa la Mkunga nisipite barazani kwa Mabati. Nikivaa la Mabati nizunguke nyuma, kwenye mfereji. Sikuuliza. Watoto wa wakati ule tuliamriwa mambo mengi yasiyo na maana, na hili halikuwa baya kuliko kukatazwa kupiga mluzi ndani.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi nilipoufikia mwisho wa msahafu. Mwalimu wetu wa chuo, mzee mpole aliyekuwa akisinzia tukisoma na kuamka tukikosea, alipeleka habari nyumbani kwamba Jumamosi nitahitimu, na asubuhi somo yangu aje anichukue.

Mama alishika kiuno akakaa chini. Baba alikuwepo siku hiyo, viatu vyake vina vumbi la safari, na alipoelezwa alicheka hadi akaegemea ukuta. "Yaani mbuzi mmoja umewauzia watu watatu," alisema. Mama hakucheka. Alikuwa anachambua mboga, na mikono yake iliendelea kuchambua wakati anasema, "Wewe unasafiri. Mimi ni hapa. Wakijua nimewadanganya, sitakuwa na mtu mji huu mzima. Nitakuwa kama siku ile niliyofika."

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la kitanda, na maneno yale yalinitisha, kwa sababu sikuwa nimewahi kumsikia mama akiogopa. Wiki nzima alijaribu kuchagua. Angetoka akielekea kwa Mkunga kueleza, akifika kisimani anarudi na maji.

Jumamosi ikafika. Nilikuwa nimeogeshwa, nimepakwa mafuta ya nazi, nimesimama na shimizi. Hodi ya kwanza ilikuwa ya Mkunga. Alikuja na mwavuli mweusi, gauni jeupe na leso mpya. Kabla hajatua vitu vyake, Gramafoni akajaa mlangoni na gauni la waridi, leso, mwavuli, na nyuma yake wanawake wa lelemama na sare zao, wamebaki uani. Mkunga alimtazama akasema, "Umekuja kutupigia ngoma, ahsante sana." Gramafoni akasema, "Nimekuja kumchukua mtoto wangu." Wakawa bado wanatazamana ndipo Halima Mabati akaingia bila hodi, kwa kuwa nyumba ni yake, na sinia la halua lililofunikwa kawa, na kijana wa duka anamfuata na gauni, leso na mwavuli.

Chumba kilikuwa kidogo. Miavuli mitatu, magauni matatu, leso tatu, na harufu ile.

Mama alipiga magoti. Sijui kwa nini alipiga magoti, hapakuwa na haja. Alisema, "Niliwaambia wote watatu. Kila mmoja nilimwambia ni yeye. Sikuwa na mama hapa, wala shangazi, wala dada. Nyie mlinifanyia wema, nami sikuwa na kitu cha kuwapa ila jina la mtoto. Nisameheni."

Mkunga alikaa kitandani. Gramafoni alitua mwavuli wake sakafuni. Halima Mabati aliinamisha kichwa kidogo, kama anayesikiliza kitu cha mbali. Kisha akachukua sinia lake akatoka, kijana nyuma yake na vitu vyote.

Nitawaambia ukweli wa mtoto: nilichokiona mimi ni halua ikiondoka. Mama alikuwa analia, Mkunga anamwinua akimwambia, "Nyamaza, mwanangu, hujaua mtu," na Gramafoni tayari anaulizana na wenziwe uani kama marinda yanaweza kuvaliwa juu ya gauni jeupe. Hao wawili walikuwa wamesamehe kabla sijafungwa vifungo. Walinivisha yote mawili, joto likanitoa jasho, wakanishika huku na huku, lelemama nyuma, tukatoka. Ilibidi twende mapema, kwani ilikuwa miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, na mikusanyiko haikupendwa. Askari alisimama pembeni akatuhesabu kwa macho.

Njia ya chuoni ilipita mbele ya nyumba ya mabati. Baraza lilikuwa tupu. Kiti chake kimeingizwa ndani na mlango umefungwa, mchana mweupe, jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona. Watu wakapunguza sauti. Mama aliangalia chini akaongeza mwendo.

Mimi nilisimama. Mkunga alinivuta, sikwenda. Nikapanda baraza ambalo mtoto hakanyagi, nikagonga, nikasema, "Hodi, somo. Tunakwenda."

Nikagonga tena. Alipofungua hakuwa na buibui, na nywele zake, ambazo sikuwahi kuziona, zilikuwa nyeupe pepepe. Macho yake yalikuwa mekundu. Alinitazama nilivyovimba ndani ya magauni mawili.

"Unataka nini hapa?"

Sikujua kusema uongo haraka. "Halua," nikasema.

Gramafoni ndiye aliyeanza kucheka, na wengine wakafuata, mpaka askari aliyetufuata akageuza uso. Halima Mabati hakucheka. Alimtazama mama kwa juu ya kichwa changu.

"Mimi sina mtoto," alimwambia. "Unajua sina. Miaka kumi nalala nikisema, si kitu, kuna mmoja. Leo naambiwa ni theluthi."

Mama alisogea hadi chini ya baraza. "Si theluthi, Bi. Nilipokwambia, nilikuwa nakuambia kweli. Na wao nilipowaambia, pia kweli. Mtoto ni wako mzima. Mchukue."

Bi Halima akaingia ndani. Tulisikia kabati likifunguliwa. Akatoka amevaa buibui, gauni la tatu mkononi, akanivika juu ya yale mawili palepale barazani, mbele ya mtaa mzima, akinivuta mikono kwa hasira kidogo. Halafu akafungua mwavuli wake, kijana akafuata na sinia.

Hivyo ndivyo nilivyokwenda kuhitimu, chini ya miavuli mitatu iliyogongana njia nzima, na magauni matatu, siwezi kukunja viwiko. Mwalimu aliponiona alisahau dua akaanza upya. Nilisoma sura yangu vizuri, kisha nikala halua hadi nikaumwa.

Mtaa ulicheka kwa muda mrefu. Mama alitaniwa mpaka uzeeni, na aliupenda utani ule. Nami kwa miaka mingi niliichukua kama hadithi ya kuchekesha: mama mwongo na magauni matatu. Nilikuwa nimeshazaa mwenyewe nilipoanza kuielewa. Wale wanawake, waliojulikana kote kwa ukunga na ngoma na majumba, hakuna aliyekuwa na mtoto, na kila mmoja alikuwa amefika mji ule peke yake na kuulizwa ni wa nani. Mama alikuwa ameulizwa swali lilelile. Aliujua uchungu wake, akawapa wote jibu moja, na jibu lenyewe nilikuwa mimi.

Halima Mkunga alitangulia, akafuata Gramafoni, na Bi Halima Mabati alikuwa wa mwisho. Siku ya msiba wake nyumba ilijaa wapangaji na watu waliotaka kujua majumba yatakwenda kwa nani. Nilipofika chumba cha kuoshea, wanawake waliokuwa mlangoni, wageni kwangu, walinizuia. Humo wanaingia jamaa zake tu, walisema. Wewe ni nani wake?

Kwa Mkunga niliulizwa hivyo, na kwa Gramafoni pia, na mara zote tatu nilikuwa na jibu. "Ni somo yangu," nikasema. "Mama yangu alinipa jina lake." Wakanipisha.