Pesa Mbili za Tundu

Bwana yangu Kalala alikuwa na masikio. Watu wa Kindu wanaomukumbuka wanamukumbuka kwa hayo, na mimi niliyeishi naye miaka ishirini na minane nasema vilevile, ijapokuwa kuna siku nilitamani Mungu angemunyima.

Kazi yake ilikuwa ya reli. Treni ikifika stesheni, yeye alipita na nyundo ndogo akigonga magurudumu, moja moja, akisikiliza. Gurudumu zima linaimba, lenye ufa linakohoa. Chombo kingine hakuwa nacho. Na kwa masikio hayo hayo akaanza kununua pesa za zamani: riali za Waarabu, franga za tembo za Wabeleji, na zile pesa za shaba za Bula Matari, serikali ya wazungu wa kwanza, zenye tundu katikati. Wachimbaji wa Kama na Kampene walimuletea. Bibi Mwanahamisi wa Lokandu, aliyerithi sanduku zima kwa babu zake, alimuletea pia, na kumufundisha majina ya kila pesa. Kalala aliangusha pesa juu ya jiwe lake jeusi, mara moja tu, macho ameyafumba. "Hii njo ya kweli." "Hii muntu aliiyeyusha jikoni kwake, urudishe." Mapadri walinunua kwake bila kuuliza. Wagiriki nao walinunua, kabla maduka yao hayajachukuliwa na Serikali.

Mimi ni Kasanda. Jina la ubatizo ni Émilienne, lakini wakati ule Serikali ilitukataza majina ya watakatifu, tukayaacha kanisani pamoja na viti. Sisi ni watu wa Kasai, reli njo ilituleta huku. Nilipozaa mapacha wa kike, majina yetu mengine yakaisha kabisa: mimi nikawa Mwambuyi na yeye Shambuyi, maana kwetu mapacha wanaitwa Mbuyi na Kabanga, na wazazi wao wanaheshimiwa kwa jina hilo. Na mapacha wana sheria yao, hata mulevi anaijua. Kila kitu sawasawa. Ukileta yai, leta mawili. Ukimubeba mumoja, mubebe na mwenzake. Ukimupunja mumoja, wanakasirika wote wawili, na pacha akikasirika anarudi alikotoka.

Kwa hiyo Kalala aligonga pesa za tundu zaidi ya mia mbili juu ya jiwe lake, wiki tatu nzima, mpaka akapata mbili zenye mulio mumoja. Akazifunga kwa kamba viunoni mwa watoto. "Watu wanasema pesa ni pesa," aliniambia. "Hakuna pesa mbili zenye sauti moja. Hizi tu, na hawa wawili." Alifurahi siku ile kama bwana arusi.

Kabanga alipata surua akiwa na miaka mitatu. Kwetu hatusemi pacha amekufa, tunasema ameenda kuchota maji. Tulimuzika na pesa yake kiunoni, juu ya kaburi tukaweka kikombe chake cha bati. Na tangu siku hiyo, kila nikimupakulia Mbuyi, nilimega tonge moja la bukari, ugali wetu, nikaliweka katika sahani ndogo kando ya mafiga. Majirani walisema nalisha kuku. Sikuwajibu, mimi siyo muntu wa kujibu kila kinywa.

Mwaka wa sabini na nane, Mbuyi akiwa na miaka kumi na mumoja, akaja Florentin. Muzungu kijana, mupole, jasho kila mahali. Alikuja na kitabu kinene chenye picha za pesa za dunia nzima na bei zake, kioo cha kukuzia, na mizani ndogo kama ya wanunuzi wa zahabu. Kalala akatoa sanduku lake, akaangusha riali moja juu ya jiwe ili mugeni asikie. Florentin akairukia kuidaka.

"Papa Kalala, usizigonge. Ukizigonga zinashuka bei."

"Sasa utajuaje ni ya kweli?"

"Napima, naangalia mwaka, naangalia kitabu. Sikio ni la zamani, papa. Siku hizi tunasoma."

Alisema bila ubaya, lakini niliona uso wa bwana yangu. Muntu wa miaka hamsini na mbili, treni nzima imetembea kwa sikio lake, anaambiwa sikio limepitwa. Florentin akafungua ukurasa, akaweka kidole juu ya pesa ya tundu. Za mwaka ule ulioandikwa pale, alisema, zilibaki chache. Angelipa zaire makumi tano kwa moja tu. Kalala akaitazama ile picha. Alijua ziko wapi mbili za mwaka ule.

Kesho yake nilienda soko. Niliporudi, Mbuyi alikuwa amekaa mulangoni akishika kiuno.

Yaani alikata kamba. Baba muzazi alikata kamba, akauza pesa ya mutoto, akamufunga nyingine kutoka sandukuni. Na zile zaire makumi tano, noti tano za kumi kumi, hazikulala kwetu: alimurudishia Florentin zote akanunua kitabu.

"Shambuyi," nikamwambia, "umemupunja pacha."

"Sikumupunja. Nimemupa nyingine. Pesa ya tundu njo pesa ya tundu, mufalme ni yule yule, nyota ni ile ile. Angalia kitabu."

Mwenyewe alisema hivyo, yule wa wiki tatu na pesa mia mbili. Hapo njo nilimuita Kalala, mara ya kwanza tangu nizae, na nikamwambia tamaa mbele, mauti nyuma. Sikio halipiti kichwa, akanijibu, na yeye njo kichwa cha nyumba. Basi.

Jioni Mbuyi hakula. Asubuhi vilevile. "Mama, hii si yangu," alisema. "Yangu nikitembea ilikuwa inajibiwa." Nikauliza inajibiwa na nani. Akaniangalia kama vile mimi njo mutoto.

Siku ya tatu homa ikapanda. Kwenye dispansere walisema malaria, wakatoa vidonge, havikufanya kitu. Mutoto alikonda mpaka vikuku vikamutoka mukononi. Sikulala, sikusali vizuri, nilijua anaitwa. Na Kalala, ambaye sasa alikaa siku nzima na kitabu chake, akaangusha pesa juu ya jiwe muchana mumoja, jua la saa sita, akageuza kichwa. Akaangusha tena.

"Unasikia?" akaniuliza.

Nilisikia. Pesa ililia juu ya jiwe, kisha ikalia mara ya pili nyuma ya nyumba, kwenye mafiga. Tukaenda kuangalia. Hapakuwa na muntu, kulikuwa na sahani tu, na haina kitu. Tangu saa ile kila pesa aliyoigonga ilijibiwa, akashindwa kutofautisha riali na kifuniko cha chupa. Alificha jiwe chini ya kitanda. Mimi nilimuhurumia kidogo, kidogo tu.

Wiki ya pili Florentin akarudi, anacheka. Alikuja kutoa shukrani, alisema. Akafungua kitambaa akaweka mezani pesa mbili za tundu.

"Ya kwanza ni ile yako, papa. Ya pili mutoto wako aliniletea ijumaa asubuhi, nilipokuwa nakunywa kahawa pale ninapolala. Nilimulipa sawasawa na wewe, noti tano. Hata yeye aliomba hivyo: sawasawa."

Ijumaa asubuhi Mbuyi alikuwa mapajani pangu, nampangusa kwa maji. Hajainuka siku tisa. Nilimuonyesha Florentin chumba. Aliangalia kitandani muda murefu, na kicheko kikamuisha.

Kalala alivuta jiwe kutoka chini ya kitanda. Akaangusha ya kwanza. Akaangusha ya pili. Hata mimi, mwenye masikio ya kawaida, nilisikia sauti moja. Hakukuwa na jibu nyuma ya nyumba.

Tukaenda makaburini mimi na yeye, jua kali. Kaburi lilikuwa vilevile: majani hayajakanyagwa, udongo haujaguswa. Kalala akainua kikombe. Chini yake noti tano za kumi kumi, zimekunjwa vizuri, kavu, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Akanyosha mukono. Nikamupiga juu ya mukono huo.

"Hizo ni zake," nikasema. "Yeye aliuza yake ili awe sawa na ndugu yake. Kila muntu kalipwa. Mbuyi tu njo hajalipwa, kwa sababu wewe umekula bei yake."

Alikaa chini kwenye majani akalia, bwana yangu, mbele ya makaburi ya watu. Alisema, "Nilisikia, Mwambuyi. Ile siku nakata kamba nilisikia kabisa kwamba ile nyingine si sauti yake. Nikaamini kitabu."

Tuliporudi, Florentin alikuwa bado anangoja, hajagusa hata maji. Kalala alimuomba arudishe bei ya kitabu. Florentin akasema zimekwisha, ametumia zote kununua pesa za zamani, na ndege yake ni jioni. Alibakiza noti tano tu za safari. Basi Kalala akamusukumia sanduku zima: riali, tembo, za tundu zote, kazi ya miaka kumi na saba, kwa noti tano. Florentin mwenyewe aliona haya. Alichukua.

Kalala akazifunga zile noti katika kitambaa, akapiga magoti, akakifunga kiunoni mwa Mbuyi pale pale pa kamba. Alimuomba musamaha kwa jina lake na kwa jina la mwenzake. Mutoto alivuta pumzi. Akauliza kama kuna bukari.

Nilisikia gari la Florentin linawashwa. Nikatoka mbio, mimi mwanamuke munene, bila viatu, nikashika mulango wa gari.

"Muzungu, yule mutoto aliyekuletea pesa. Yukoje?"

Alisita. "Njo huyu huyu, mama. Urefu ule ule, uso ule ule."

Miaka minane. Mimi nilimuacha akinifika gotini.

"Hawatofautiani hata kidogo?"

"Kidogo," akasema. "Huyu wa kitandani amekonda. Yule alikuwa amenenepa, mashavu yamejaa. Anaonekana anakula vizuri."

Niliachilia mulango. Nilirudi jikoni, machozi yananitiririka na sikuyapangusa, nikasonga bukari, nikatoa sahani mbili za ukubwa mumoja, nikapakua sawasawa.