Programu Iliyobeba Kosa Langu

Nilijifunza kupiga chapa kwenye mashine za chuma. Mwalimu alitufunika mikono kwa kitambaa ili tusichungulie herufi, na aliyechungulia alionja rula. Nilitoka pale na cheti na kiburi. Niliweza kupanga safu mbili au tatu za majina kwenye karatasi tupu kwa kuhesabu kichwani tu, nikibonyeza kile kitufe kirefu cha kuacha nafasi mara ishirini na mbili hapa, mara kumi na tisa pale, na safu zikasimama wima. Kompyuta zilipoletwa ofisini kwetu Dodoma, niliziona ni mashine zilezile zilizoongezewa televisheni, nikaendelea kuhesabu nafasi zangu.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya shirika dogo la umma lililosambaza majembe, plau na pampu za dawa kanda ya kati. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili lilikuwa linauzwa. Serikali ilikuwa inajitoa kwenye biashara, na redio haikuchoka kutaja mashirika yaliyopata wanunuzi. Sisi tulijua mnunuzi wetu akija hatatutaka wote. Watu walikuwa wanaingia kazini asubuhi wakisalimiana kwa sauti za chini, utadhani kuna mgonjwa chumba cha pili.

Mtunza ghala wetu alikuwa mtu wa Mvumi, mwembamba, wa miaka arobaini na ushee, mwenye mke na watoto wanne huko Chang'ombe. Kompyuta alijifundisha mwenyewe wakati wa chakula cha mchana, sisi wengine tukila. Na alikuwa na ugomvi na zile kampuni kubwa za kompyuta, ugomvi wa moyoni kabisa, kama mtu anavyogombana na shemeji. Akienda mjini kwenye mtandao wa kulipia, wenzake wote walifungua tovuti moja ileile ya kutafutia mambo. Yeye alikuwa na daftari la shule alimoandika tovuti nyingine za kutafutia, tano au sita, na alitafuta jambo moja kwenye zote, kisha akalinganisha majibu.

"Kaka, unatafuta nini ambacho wenzako hawakipati?" nilimtania.

"Sijaanza kutafuta kitu, dada. Bado natafuta pa kutafutia."

Tulicheka sana. Nilimpenda kwa mambo kama hayo, ingawa sikuwahi kumwambia.

Kabla ya kuuzwa alikuja mtaalamu kutoka Dar es Salaam kuhesabu mali. Alihesabu mpaka ndoo za choo. Kwenye ripoti yake akaandika kwamba programu zote za kwenye kompyuta zetu tatu zilikuwa za kunakili, hazina leseni, na mnunuzi hataki kurithi wizi. Tununue leseni au tuzifute. Bosi alisoma ile barua mbele yetu akaangua kicheko kibaya, maana mshahara wa mwezi uliopita ulikuwa bado haujalipwa. Ndipo mtunza ghala akasimama, akasema kuna programu ya kuandikia ambayo ni ya bure kihalali, mtu hahitaji kumwomba mtu ruhusa. Alikuwa nayo kwenye CD, amepewa na mwalimu mmoja wa chuo. Jumamosi akaja na shati lake la kanisani akaiweka kwenye kompyuta mbili. Ya tatu, ya bosi, haikuguswa. Bosi alisema yeye hafundishwi kusoma upya uzeeni.

Mimi ile programu niliichukia siku ya kwanza. Kila kitu kilikuwa kimehamishwa kidogo, kama nyumba ambayo mgeni amekupangia vyombo. Mtunza ghala alivuta kiti akakaa nami saa nzima, na uvumilivu wake ulinikera zaidi.

"Dada, acha kubonyeza nafasi. Weka jedwali, kila jina likae kwenye chumba chake. Hizo nafasi zako ukizipeleka kwenye mashine nyingine zinabadilika."

"Kaka, mimi kazi hii nilifundishwa. Wewe ulikuwa unahesabu majembe."

Nilisema hivyo kwa sauti, watu wakasikia, wakacheka. Yeye pia alicheka, akarudisha kiti mahali pake. Sikuweka jedwali.

Wiki chache baadaye bosi akaniita, akafunga mlango, akanipa karatasi aliyoiandika kwa mkono. Ilikuwa orodha. Kushoto majina ya wanaobaki, kulia majina ya wanaopunguzwa, yamepangwa idara kwa idara. Nililitafuta la kwangu kwanza, nani asingefanya hivyo? Lilikuwa kushoto. Kisha nikamwona mtunza ghala. Idara ya ghala ilikuwa na mstari mmoja tu, na jina lake lilikuwa kulia. Kushoto kwake hapakuwa na mtu.

Niliichapa Ijumaa asubuhi. Kila nilipofika kwenye mstari mpya nilihesabu nafasi zangu kama siku zote. Kwenye mstari wa ghala, kwa kuwa kushoto kulikuwa kutupu, nilibonyeza nafasi tupu thelathini na kitu ndipo nikaandika jina. Kwenye kioo changu orodha ilikuwa imenyooka. Printa ilikuwa kwa bosi, kwa hiyo nikampelekea kwenye flopi, naye akasema atachapisha na kuibandika mwenyewe jioni, watu wakiondoka, ili asililiwe na mtu. Nikashukuru kwamba sitakuwepo, nikaenda nyumbani mapema.

Yaliyotokea jioni ile niliyasikia baadaye. Mtunza ghala alipita ubaoni akaona jina lake chini ya WANAOBAKI. Mlinzi aliniambia alilisoma kwa kidole, mara tatu, kisha akavua kofia akakaa kwenye ngazi. Alikuwa amejiandaa kwa mabaya. Alikuwa na ahadi Kibaigwa, kwa mfanyabiashara mmoja wa mahindi aliyemtaka awe msimamizi wa stoo yake na aliyetaka jibu mwisho wa wiki. Kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, hakutuma salamu. Jumamosi alipanda gari mwenyewe mpaka Kibaigwa, akamshukuru yule bwana ana kwa ana, akamwambia ampe mwingine ile kazi. Mwingine akapewa siku ileile. Jumapili nyumbani kwake Chang'ombe walichinja kuku.

Jumatatu bosi alituita wote wawili. Karatasi ilikuwa mezani, na nilijua kabla sijakaa. Safu zangu zilikuwa zimelala upande. Kwenye mashine ya bosi herufi zilikuwa za aina nyingine, nafasi zilikuwa nyembamba. Mistari yenye majina pande zote mbili ilikuwa imesogea kidogo tu, bado inasomeka. Lakini mstari wa ghala ulikuwa na nafasi tupu peke yake za kulishikilia jina, nazo zilisinyaa zote kwa pamoja, jina likateleza mpaka kushoto.

"Huyu kabakije?" bosi aliuliza. "Mnunuzi hata ghala lenyewe halitaki. Nani kachapa?"

"Mimi, mzee."

"Sasa?"

Nilimtazama mtunza ghala. Alikuwa anaikodolea macho karatasi, midomo imefunguka kidogo. Hakuwa anatafuta nani kakosea. Alikuwa ndiyo kwanza anaelewa kwamba hana kazi, na kwamba ile nyingine aliirudisha kwa mikono yake. Mimi nilikuwa na mama mwenye presha na watoto wawili shuleni, na jina langu lilikuwa upande wa kushoto. Siku zile kosa la mpiga chapa lilitosha kabisa kumhamishia upande wa pili. Hiyo ndiyo hofu niliyokuwa nayo, na hadi leo nikiipima naona haitoshi.

"Ni hii programu mpya, mzee," nikasema. "Hii ya bure. Inahamisha vitu."

Bosi akamgeukia mwenzangu. "Si unaona? Takataka yako hiyo."

"Samahani, mzee," akasema mtunza ghala. Kisha akanigeukia mimi. "Samahani, dada. Nimekuharibia kazi."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilipokea samahani yake.

Mchana ule alipiga simu Kibaigwa kutoka kibanda cha simu akaambiwa nafasi imekwisha. Alipotoka pale bosi akamwamuru aifute programu yake kwenye zile kompyuta mbili, irudishwe ile ya kunakili, leseni tutajua mbele ya safari. Aliifuta mwenyewe. Alipofika mezani kwangu alisimama mbali kidogo na kiti, kama mtu aliyekuja kuomba maji. "Hifadhi kwanza vya kwako," akaniambia, "nisije nikakuharibia tena." Mwisho wa mwezi akaondoka. Tulichanga, tukamnunulia saa ya ukutani.

Mnunuzi alinivumilia miaka miwili, kisha akanipunguza na mimi. Nikaajiriwa kwenye duka la chapa na fotokopi mjini. Mwenye duka alikuwa mama mmoja bahili, na siku ya kwanza alinipa CD akasema hapa hatununui programu wala hatuibi, weka hii. Niliitambua kabla ya kuifungua. Safari hii nilijifunza jedwali, peke yangu, bila mtu wa kunivutia kiti. Nilichapa barua, mitihani na ratiba za mazishi. Hakuna jina hata moja lililohama.

Nilimkuta mtunza ghala Kibaigwa, miaka minne baada ya ile Jumatatu. Nilikuwa nimekwenda kununua gunia la mahindi la nyumbani. Malori yalikuwa yamejipanga na vumbi la pumba lilinijaa puani, nikapita kwenye kundi la watu wanaoshona midomo ya magunia. Mmoja akaniita dada. Alikuwa na sindano ndefu mkononi na uzi wa katani begani, na alikuwa amekonda kuliko nilivyomkumbuka. Alinisalimia kwa furaha, akamuulizia mama, akawaulizia watoto mmoja mmoja. Nilimwambia niko kwenye duka la chapa.

"Mnatumia ile ya kampuni?"

"Natumia ile yako."

Mkono wenye sindano ukasimama. "Na inahamisha majina?"

"Haihamishi."

"Ina maana wameirekebisha?"

Alikuwa amenipa jibu mdomoni. Ningesema ndiyo, tungeagana vizuri. Lakini alikuwa ananitazama kwa hamu ya kweli, ya mtu anayeuliza habari za mtoto wake aliyefungwa, nikaona siwezi. Nikamwambia yote: zile nafasi, mstari mtupu, na kwamba nilijua tangu nilipoiona karatasi mezani kwa bosi.

Hakupiga kelele. Alichomeka sindano kwenye gunia, akakaa juu yake.

"Mwalimu wa shule ya kwetu alinifuata," akasema. "Walipewa kompyuta, hawana hela ya programu. Nikamkatalia. Nikamwambia itawapotezea majina ya watoto. Na ile CD niliikata kwa mkasi." Akajifuta uso kwa kiganja. "Miaka yote hii, dada, mimi nilijua ni mimi."

Nikasema nisamehe.

"Mke wangu huniambia hajawahi kuona mwanaume aliyejifukuza kazi kwa kujitia ujuaji. Akikasirika husema mbele ya watoto. Nenda ukamwambie wewe. Mimi nikimwambia ataona nimetunga."

"Nitakwenda Jumapili," nikasema.

Nilikwenda kweli. Siku zile za msimu yeye alikuwa analala hukohuko Kibaigwa, kwa hiyo nilijua nitamkuta mke peke yake. Alikuwa kibarazani anaepua maandazi. Nilipiga hodi, nikamwamkia shikamoo maana amenizidi umri, akaitikia marahaba, akafuta kigoda kwa pindo la khanga akanikalisha na kunimiminia chai.

"Mzee wangu alituma salamu kwamba utakuja," akasema. "Anasema una neno la kuniambia, na kwamba ukishalisema nitamwelewa." Akatikisa kichwa, nusu anacheka. "Hata sijui ni neno gani hilo. Ila nimefurahi ni wewe. Wale wenzenu wengine walimsema vibaya mji mzima. Yeye daima ananiambia, pale ofisini wewe tu ndiye ambaye hukumlaumu."

Akanisubiri. Binti yake mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la unga, naye ananisubiri. Chai ilikuwa ya moto, nikainywa yote, ikaniunguza ulimi.

"Hakuna neno, dada," nikasema. "Nimekuja kuwasalimia tu."

Akanitazama kidogo, kisha akasema mume wake siku hizi ana maneno mengi yasiyoeleweka. Akanifungia maandazi sita kwenye gazeti, akakataa hela yangu, nikayachukua.