Ua la Bahari na Chetezo cha Bibi

Kila Alhamisi alasiri, jirani yetu wa chini akianza kufukiza ubani, mimi hufunga dirisha. Mwenyewe ameshakata shauri kuwa nina pumu, na kila tukikutana ngazini huniombea dua. Nami huitikia amina. Sina pumu. Nina aibu tu, na aibu haina dawa ya kuvuta mdomoni.

Nyumba ni ile ile nilimolelewa, hapa Mji wa Kale, ghorofa ya pili. Wenzangu walikwenda Nairobi, wengine Arabuni. Mimi nilikwenda hadi Marikiti, nikanunua nyanya, nikarudi. Tangu utotoni nilikuwa mtu wa ndani. Bibi yangu, aliyenilea, alikuwa akinitania: "Mwanangu, hata kivuli chako chataka kutembea, wewe ndiye wakizuia."

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, Mjomba Athumani, mwanawe Bibi, fundi wa vioo, aliunda tangi la samaki kwa vipande vilivyobaki kazini, akaliweka chumba cha mbele. Ndani alitia jiwe la mwambani, kisamaki chekundu chenye mistari myeupe, na ua la bahari. Ua ni jina tu. Yule ni mnyama: hana macho wala mfupa, amejibandika kwenye jiwe kwa mguu mmoja, na juu ana vidole laini visivyohesabika, vinapepea kama shada za kilemba. Kisamaki kililala katikati ya vidole vile kama mtoto kwa mamake. Nami nililala sakafuni nikiwatazama mchana kutwa. Burudani isiyokutaka uvae viatu! Nilipenda mno.

Kisha Mjomba akapata kazi Malindi, kutia madirisha ya hoteli, akawa anarudi kila baada ya wiki mbili. Tangi akanikabidhi mimi.

"Kila siku tatu utoe dumu moja la maji ya zamani, utie dumu moja jipya kutoka pwani. Umesikia?"

"Ndiyo, Mjomba."

Pwani haikuwa mbali: vichochoro viwili na ngazi za mawe. Lakini kwenye kona palikuwa na baraza, na barazani palikuwa na vijana wasio na kazi nyingine ila mimi. "Mpisheni bwana, mpisheni! Wewe, tuachie na sisi maji kidogo, kesho twataka kuogelea!" Mara mbili nilivumilia. Mara ya tatu nikakumbuka kisima.

Waliokulia nyumba hizi wanakijua kisima cha uani. Maji yake ni ya chumvichumvi, ya kufulia na kuogea. Ya kunywa hununuliwa kwa muuza maji wa mkokoteni. Nilichovya kidole nikaonja: chumvi. Nikakumbuka ladha ya bahari: chumvi. Elimu yangu ya sayansi ilikomea hapo, na hata kidato cha nne haikusogea sana. Nikateka, nikamimina, nikarudi sakafuni kwangu.

Ua likaanza kusinyaa. Vidole vilifupika, rangi ikapauka, mdomo wake wa katikati ukabaki wazi kama soksi iliyogeuzwa. Siku Mjomba aliporudi, mguu ulikuwa umeshabanduka kwenye jiwe, ua linabiringika ndani ya tangi, na kisamaki kinalizunguka kama mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba yake.

"Maji wabadilisha?"

"Ndiyo, Mjomba."

Ilikuwa kweli, ndiyo maana ilitoka upesi. Mjomba akainama, akatazama, akanusa. Ilikuwa Alhamisi. Bibi alikuwa mkekani, chetezo mbele yake, ubani juu ya makaa, moshi umetanda chumba kizima kama kila Alhamisi ya maisha yangu.

"Mama," alisema Mjomba taratibu, "huu moshi waingia majini. Ndio unaoliua."

"Mimi?"

"Si kusudi, Mama. Hukujua."

Bibi alilitazama ua, kisha akanitazama mimi. Mimi nilikuwa nachunguza ukili wa mkeka, kana kwamba nitaulizwa mtihanini. Akanyanyuka na chetezo chake, akakitoa uani, akayamwagia makaa maji ya kisimani. Maji yale yale. Ile sauti ya makaa yakizimika ninayo masikioni hadi leo.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na ngazi, vichochoro viwili na dumu la lita kumi. Kuanzia siku ya pili nilikwenda pwani kila asubuhi kabla ya shule, vijana wa baraza wakiwa bado wamelala. Nilitoa maji ya kisima kidogo kidogo, nikatia ya bahari. Nililikinga ua na jua kwa kipande cha kanga. Mdomo ulipofumba, nililipa ua kipande cha kamba wa bahari, kidogo kama ukucha, nikasubiri likishike. Siku ya tisa lilikishika. Wiki ya tatu mguu ulijibandika tena kwenye jiwe, vidole vikafunguka, na kisamaki kikarudi kwao.

Bibi aliketi mbele ya kioo, machozi yanamlenga. "Alhamdulillahi," alisema. "Kumbe nalikuwa nakitesa kiumbe cha Mungu kwa moshi wangu."

Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Nikasema, "Bibi, chai yapoa."

Hakufukiza tena. Hata ua lilipokuja kufa kwa uzee wake, na tangi likauzwa, hakufukiza. Alisema hataki dhambi ya pili. Kila Alhamisi alikipakata chetezo kitupu akakisugua kwa kitambaa, midomo ikimchezacheza. Nilidhani ni kupenda usafi. Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kuwa ubani ule ulikuwa wa marehemu Babu: kila Alhamisi Bibi alifukiza, akamsomea dua, na ile harufu ndiyo iliyokuwa katika kanzu za Babu.

Siku ya maziko ya Bibi, Mjomba, naye sasa mzee, alinituma nilete chetezo, nyumba ifukizwe. Nilikitoa kabatini. Ndani kiling'aa kama kipya, hakina hata chembe ya masizi.

Mjomba alikigeuzageuza mkononi. "Mama alikuwa msafi," alisema.

"Ndiyo, Mjomba."