Matrekta Yasiyolala

Gidabuday wa Gehandu alichunga kwa masikio. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, lakini kengele ya ng'ombe wake wa mbele ilimtosha. Kwa mlio wake alijua kundi limeelekea wapi, na kama linaikaribia ngano ya serikali iliyokuwa imemeza malisho ya baba yake.

Kisha kikohozi kikamkamata, akatema damu. Zahanati wakasema ni kifua kikuu, wakamwanzishia sindano za streptomaisini, dawa iliyokuwa imewainua wengi waliokwisha kukatiwa tamaa. Kila asubuhi alikwenda kuchomwa, na kila asubuhi nesi Efrazia alimuuliza swali lile lile, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuua masikio.

"Shikamoo, baba. Masikio yanalia?"

"Marahaba. Yangu mazima, binti. Yanayolia ni matrekta yenu. Hata usiku hayalali!"

Efrazia akacheka. Ulikuwa msimu wa kulima, na ngurumo ilijaa uwanda mzima. Yeye mwenyewe ilimkosesha usingizi. "Haya, geuka, leo upande wa pili."

Kikohozi kikakoma. Mwili ukarudi. Ila alianza kuyumba njiani, hata mkewe, Mama Bura, akamtania: "Leo tena umepitia kwa mwenye pombe ya asali?" Gidabuday alimtazama midomo tu.

Siku moja aliwafikisha ng'ombe ukingoni mwa shamba. Matrekta yalikuwa yamesimama, yamefunikwa maturubai, na madereva wamejilaza kivulini. Gidabuday akasogea, akaweka kiganja juu ya bati la injini. Lilikuwa baridi. Ngurumo haikupungua.

Alikwenda zahanati siku hiyo hiyo, akijikongoja kwa fimbo, akaonyesha masikio yake. Efrazia aliweka sindano chini, akasema maneno mengi. Gidabuday aliyaona machozi yake. Neno hakulipata hata moja. Dawa ilisimamishwa. Kilichokwisha kufa ndani ya sikio hakikufufuka.

Jioni, langoni mwa zizi, aliwaita ng'ombe kama baba yake alivyomfundisha. Kengele ilipita mbele yake ikiyumba, kimya. Hakujua kama sauti yake ilitoka. Akaita tena, kwa nguvu zaidi. Ng'ombe wote walikwisha kuingia, lango la miba limefungwa, naye bado anaita, mpaka Mama Bura akaja kumziba mdomo kwa kiganja.