Mwisho Niliomtungia Mwalimu

Kwa miaka kadhaa hapa Karatu watu waliniita Madam wa vitabu, nami nikaliitikia jina hilo bila kulistahili.

Nafanya kazi mapokezi katika lodji moja upande wa Rhotia. Wageni wakimaliza safari zao huacha vitu vyumbani: kofia, dawa za mbu, soksi za pamba nzito, na vitabu. Zamani vitabu hivyo vilitupwa stoo vikaliwa na panya. Nilimwomba meneja nivichukue, akakubali. Paroko akanipa chumba kidogo nyuma ya kanisa, fundi akanitengenezea shelfu tatu za mbao, nami siku za mnada na Jumamosi nisizokuwa na zamu nikawa nafungua mlango. Watu wakaja. Walikuwepo wanafunzi wa sekondari, muuguzi mmoja, na mzee wa Endabash aliyesoma chochote chenye herufi, hata maelezo ya dawa ya mifugo.

Vingi vya vitabu vile vilikuwa vya fantasia, vile vinene vinavyofuatana kimoja hadi saba, vyenye ramani ya nchi isiyokuwepo kwenye kurasa za mwanzo. Sijui kwa nini mtu anayekuja kutazama tembo abebe hadithi ya majoka, lakini ndivyo ilivyo.

Mimi sikuwa navisoma. Kiingereza changu ni cha mapokezi: karibu sana, umelalaje, saini hapa, chai ni saa moja. Nikikaa na kitabu cha kurasa mia sita, kufika wa arobaini nimeshapotea, majina yote yananichanganya. Lakini mtu akisimama mbele ya shelfu na kuniuliza, "Madam, nisome nini sasa?" nilishindwa kusema sijui. Niliwasikia wageni wakizungumza juu ya vitabu vyao wakisubiri chakula, nikayachukua maneno yao kama yalivyo. "Mfululizo huu unaanza polepole, lakini ukifika kitabu cha tatu hutakiweka chini." "Huu usiuanze kama una mtihani karibu." Watu walicheka, wakachukua, wakarudi kushukuru. Kwa kuwa walirudi kushukuru, nilijiona sijamkosea mtu.

Kati yao alikuwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka Olbalbal, Mmaasai wa miaka thelathini hivi, mpole, anayevaa koti la suti na kutupia shuka juu yake kukiwa na baridi. Alikuwa akipanda lori hadi mnadani, akimaliza shughuli zake anakuja kwangu. Sijaona msomaji kama yeye. Aliweza kusimama dakika ishirini mbele ya shelfu akisoma bila kukaa, midomo ikichezacheza.

"Dada, nataka kirefu," aliniambia siku moja. "Hivi vifupi vinaniishia kabla sijafika nyumbani."

Nikamtolea vitatu vya kwanza vya mfululizo wa vitabu saba. Vilikuwa na jalada la bluu na mlima mweusi. Kwa maelezo ya nyuma ya jalada nilijua tu kwamba ni habari ya binti ambaye mto wa nchi yao umefungiwa ndani ya mlima na wachawi, naye anakwenda kuufungua.

"Huu ndio bora kuliko yote niliyosoma," nikasema.

Akavishika kwa mikono miwili.

Mnada uliofuata alirudi navyo vyote vitatu, amevimaliza. Akaketi kwenye benchi akanieleza. Alikuwa na mama yake mzee, aliyepofuka macho, na kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni alimsimulia sura moja kwa Kimaasai, mama akiwa ameketi juani mlangoni kwake. Mama alikuwa mkali kama hakimu. Akirukishwa kitu alijua, anasema, "Hapana, yule binti alikuwa na kiatu kimoja jana, leo cha pili amekitoa wapi?" Baada ya muda mwalimu akaanza kuwasimulia pia wanafunzi wake, kipindi cha mwisho cha Ijumaa. Olbalbal maji ni ya kufuatwa mbali, na watoto wale wanajua kuswaga ng'ombe kutwa nzima kwenye vumbi hadi kisimani. Habari ya mto uliofungiwa mlimani haikuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Hata wasiokuja shule, Ijumaa wanakuja," alisema.

Nilimpa cha nne na cha tano, kisha cha sita. Cha saba sikuwa nacho. Siku aliporudisha cha sita aliniuliza kama nimekisoma hicho cha mwisho.

"Nimekisoma," nikasema. "Kuna mgeni alikuwa nacho, akaniazima siku mbili, akaondoka nacho."

Hakuniuliza habari ya mgeni wala ya siku mbili. Niliviongeza mwenyewe.

Akatikisa kichwa kwa wivu mzuri wa msomaji. "Basi usiniambie. Nitasubiri."

Alisubiri miezi minne. Kila mgeni aliyeondoka nilikwenda mwenyewe kuangalia chumba chake, na hilo lilikuwa kweli. Hakikupatikana.

Kisha mwalimu akaja lodji, siku isiyo ya mnada, saa nne asubuhi. Alisimama mlangoni pa mapokezi akiwa amevua kofia. Mama yake alikuwa amelazwa hospitali hapa Karatu, na madaktari walikuwa wamesema apelekwe mbele, hospitali ya rufaa. Gari la wagonjwa lingeondoka mchana.

Nikampa pole. Akaitikia.

"Dada, naona aibu kukuuliza hili," akasema, akimwita mama yake kwa Kimaasai. "Yeyo anauliza habari ya mto. Anasema asiondoke Karatu bila kujua kama ulifunguliwa. Niambie mwisho. Wewe umesoma."

Pale ndipo ningeweza kusema. Watalii wawili walikuwa wamekaa kwenye makochi wakisubiri dereva wao, hawajui Kiswahili, hakuna ambaye angesikia. Neno lenyewe ni fupi: sijasoma. Niliangalia uso wake, uliokuwa hauna shaka nami hata kidogo, nikafungua mdomo nikatunga.

Nikasema binti alifika kwenye mwamba, wachawi wakashindwa, mlima ukapasuka, maji yakateremka hadi kijijini kwao, ng'ombe wakanywa, na watu wakamfanya binti malkia. Alikuwa ametoa daftari mfukoni. Aliandika. Mara moja aliniomba nirudie ili asikosee, nikarudia, na nikaongeza kwamba mvua nayo ilinyesha siku ileile.

"Asante sana, dada," akasema. Alikimbia kwenda kwenye bodaboda.

Baada ya siku tano nikapata ujumbe kwenye simu: mama amepumzika, nilimsimulia mwisho wote, alifurahi, Mungu akubariki. Nilimpigia nikampa pole. Nikiwa mkweli, niseme pia kwamba usiku wala mchana sikusumbuka. Nilijiona nimetenda jema. Nilimwonyesha mwenzangu wa mapokezi ule ujumbe.

Kitabu cha saba kikaja mwezi wa pili baada ya hapo. Mama na binti yake, wageni wa siku tatu, walikiacha juu ya kitanda pamoja na tochi. Nilikitambua kwa ule mlima. Nilikaa stoo ya mashuka nikasoma kurasa ishirini za mwisho, simu mkononi nikitafuta maana ya maneno, na ilinichukua mapumziko ya chakula ya siku tatu.

Mto unafunguliwa kweli. Lakini unatokea upande wa pili wa mlima, kwenye nchi ya maadui. Binti anayo nguvu ya kuugeuza urudi kwao. Anasimama pale, anaona watoto wa maadui wakichota maji kwa viganja, anashindwa. Anauacha. Anarudi nyumbani kwa miguu kwenda kuwaambia watu wake alichofanya, na kitabu kinaishia akiwa njiani, kabla hajafika.

Niliona aibu mara mbili. Ya kwanza ni ya uongo. Ya pili ni kwamba mwisho wangu, wenye malkia na mvua, ulikuwa wa mtu anayefikiri watu wa Olbalbal wanaweza kuridhishwa na chochote. Yule mama aliyeuliza habari ya kiatu kimoja, nilimpa mwisho huo ndio aondoke nao.

Ningeweza kumpelekea mwalimu kitabu siku ileile. Badala yake nilikipeleka kwenye chumba cha vitabu, nikakitia kwenye boksi chini ya meza, nikafunika kwa kitenge kuukuu. Nilijiambia namhifadhia kumbukumbu ya mama yake. Alikuja mnadani mara mbili, akauliza kama bado, nikamwambia bado. Miguu yangu ilikuwa karibu inaligusa lile boksi.

Mnada wa tatu niliitwa zamu ghafla. Mama anayesafisha kanisa alikuwa na ufunguo wa pili, akamfungulia mwalimu, na kwa kuwa mimi sikuwepo akamwambia atafute mwenyewe popote. Nilipofika Jumamosi nilikuta kitenge kimekunjwa vizuri juu ya meza. Kwenye daftari la wanaoazima kulikuwa na mstari mmoja, kwa mwandiko wake wa ubaoni: Kitabu cha saba. Hakuandika neno jingine.

Hakuja mnada uliofuata, wala wa baada yake. Nilianza ujumbe kwenye simu mara nyingi nikaufuta. Mwishowe nikaomba siku ya mapumziko, nikapata nafasi kwenye lori la mahindi linalokwenda huko. Juu ukingoni mwa kreta, lile bonde la volkano, ukungu ulikuwa mzito hata dereva akawasha taa, kisha tukateremka, jua likatoka, na vumbi likaanza. Nilifika shuleni saa saba nimekuwa mweupe hadi kope.

Mwalimu alikuwa darasani. Aliponiona dirishani alitoka, akanisalimia kama kawaida, akaniuliza habari za Karatu na za kazini. Nikajibu salama.

"Nimekuja juu ya kile kitabu," nikasema.

"Ndiyo." Alikuwa anakung'uta chaki mikononi. "Nilipokimaliza nilidhani sikuelewa. Kiingereza changu ni cha chuo cha ualimu, nikasema labda kuna mahali nimepitwa. Nikakirudia. Nikakirudia tena mara ya tatu, natafuta pale anapokuwa malkia."

Sikuweza kumtazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nimepanga hata majibu yake. Sikuwa nimejua kwamba kwa muda wote ule msomaji bora niliyewahi kumwona alijiona yeye ndiye mjinga.

"Dada, ulikisoma?"

"Sikukisoma."

"Na vingine?"

"Hata cha kwanza sikumaliza."

Ndani watoto walikuwa wameanza kupiga kelele, akageuka akawatazama tu, wakatulia.

"Watoto nimewarekebishia ule mwisho," akasema. "Niliwaambia nilisimulia kitabu ambacho nilikuwa sijakisoma, na mwalimu hapaswi kufanya hivyo. Yeyo sikuweza."

Nikamwambia anisamehe. Akasema, "Haya," jinsi mtu anavyosema haya akipokea kitu kizito asichojua akiweke wapi. Kisha akaniambia nisisimame juani, niingie, kipindi kilikuwa cha hadithi.

Niliketi nyuma kwenye dawati dogo, magoti yamenikaa kifuani. Walikuwa wanajadili binti kama alifanya sawa. Msichana mmoja alisimama akasema kwa Kiswahili, kwa ajili yangu nadhani, kwamba alikosea, kwa sababu kwao nako kuna watoto, na nani atawachotea. Mvulana akambishia kwamba maji ukiyageuza yatageuzwa tena. Walibishana vizuri. Waliupenda mwisho ule mgumu kuliko nilivyowahi kupenda kitabu chochote.

Mwalimu akanitambulisha: huyu ndiye dada wa Karatu anayetuletea vitabu. Watoto wakasimama wote wakaniamkia. Darasa likasubiri nizungumze. Ningeweza kuwaambia kosa lile halikuwa la mwalimu wao. Nilisema nimefurahi kuwaona, wasome kwa bidii. Wakapiga makofi. Mwalimu aliangalia sakafu.

Jioni lori likanirudisha. Yeye alinisindikiza hadi barabarani, akanipa kitabu cha saba kimefungwa kwenye gazeti.

Bado nafungua kile chumba. Nimeanza mfululizo ule tangu mwanzo, polepole, na kamusi, na sasa niko kitabu cha pili. Mtu akiniuliza asome nini namwambia kipi nimesoma na kipi sijasoma, na ambavyo nimesoma ni vichache mno hata wengine wanacheka wakidhani natania. Wachache wameacha kuja. Jina la Madam wa vitabu halijafa, nalo likiitwa barabarani nageuka, lakini siitiki kwa sauti.

Mwalimu anakuja siku za mnada. Ananiamkia, anauliza habari za nyumbani, halafu anakwenda kwenye shelfu na kuchagua mwenyewe. Hajawahi kuniuliza tena. Mara ya mwisho alichukua viwili vya mfululizo mwingine, vinene, vya jalada jekundu, akaviandika daftarini, akasema, "Baki salama, dada." Nilitaka kusema kitu juu ya vitabu vile, chochote, ili abaki kidogo. Sikuwa nimevisoma. Nikamwambia njia njema.