Vichanja Nilivyojenga kwa Kimo Changu

Mwanangu, kuna wiki kadhaa za ujana wangu pale Kisegi, kando ya ziwa, ambazo hazijanitoka akilini mpaka leo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, ndiyo kwanza nimetoka chuoni, na akina mama waliokausha omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, ufuoni wakanichagua niwe mwenyekiti wao. Walinichagua kwa sababu nilijua kuandika barua za ofisini. Mimi nikadhani ni kwa sababu nilijua kila kitu.

Siku hizo omena zilianikwa juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani. Kuku wanapita juu yake, na mvua ikinyesha zinageuka matope. Nikaja na wazo la vichanja: nguzo za mbao, wavu wa waya juu, omena hazigusi chini. Wazo lilikuwa zuri, sitalikana. Nikamwita fundi, nikasimama kando ya nguzo ya kwanza, nikamwonyesha kwa mkono: hapa, usawa wa kifua changu. Nawe unaniona nilivyo mrefu, na wakati ule mgongo haujapinda.

Min Achieng, yaani mama yake Achieng, aliyekuwa mzee kuliko wote kikundini, akaniambia, "Mwenyekiti, hii iko juu sana. Sisi wengine ni wafupi."

"Mtazoea," nikamjibu nikiondoka, wala sikumtazama.

Waliponuna, nilienda kanisani siku ya Sabato, nikapiga magoti, nikamwomba Mungu ailainishe mioyo yao migumu. Niliomba kwa machozi, mwanangu, na nikatoka nikijiona mtakatifu.

Wiki ya tatu, wingu jeusi likapanda kutoka ziwani. Wote tukakimbilia vichanja kukusanya omena. Min Achieng akapanda jiwe ili afikie katikati ya wavu, akateleza. Niliusikia mkono wake ukivunjika. Omena zililoa zote, na hakuna aliyezijali.

Nilimkuta hospitalini Homa Bay, mkono umefungwa plasta. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuomba msamaha. Hakuyangoja.

"Nyathina," akaniita, yaani mwanangu kwa Kijaluo, "tangu tukuweke mwenyekiti, umewahi kuanika omena wewe mwenyewe? Hata asubuhi moja?"

Nikatikisa kichwa.

"Nasikia unatuombea sana. Ni vizuri. Lakini Mungu akitaka kukujibu kupitia sisi, atafanyaje, na tukifungua mdomo wewe unaondoka?"

Hakupaza sauti. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu iliyofuata nikafunga leso kiunoni, nikashika beseni kama wenzangu. Kufikia saa sita, kwa kuinama na kunyanyua beseni, mgongo ulikuwa unawaka moto. Ndipo nikawauliza wanataka vichanja viweje. Wakasema vikatwe mpaka usawa wa kiuno, viwe vyembamba ili mtu afikie katikati akiwa upande wowote. Mama mmoja ambaye hakuwa msemaji akaongeza kwamba tufunge turubai ubavuni, mvua ikija tunaikunjua tu. Chuoni hakuna aliyenifundisha hilo. Fundi akarudi na msumeno, na tangu hapo hatukupoteza tena omena kwa mvua. Min Achieng alirudi kazini, ila mkono ule haukunyooka tena. Kila nilipomwona akinyanyua beseni kwa upande mmoja, nilijua ni kwa sababu ya neno langu moja: mtazoea.

Kwa hiyo mwanangu, buni mambo mapya bila woga. Kazi za zamani si zote ni za kulindwa. Lakini kabla hujaibadilisha kazi ya mtu, ifanye kwanza kwa mikono yako, kisha uketi umsikilize. Ukipewa cheo, jua umepewa watu. Na ukipiga magoti kuomba, uliza kwanza kama moyo mgumu si wako.

Mungu akupe kazi ambayo wengine watapumua kwa sababu uliifanya. Akupe watu wasioogopa kukwambia ukweli, na akuwahishe kuwasikia kabla hawajaumia. Amina.