Mtu Wetu wa Mukimo

Nikisema alikuwa wetu, rafiki yangu hunikatiza hapo hapo. Anasema hakuwa wetu, tulikuwa tunamwita tu. Na ni ukweli. Biashara yetu ya kupikia watu kwa sherehe haikuwa na mfanyakazi hata mmoja. Ilikuwa ni mimi, yeye, sufuria kubwa za kukodisha na simu yangu. Kukiwa na kazi Jumamosi napiga simu: mama wa chapati, wasichana wa kugawa chakula, na yeye, mtu wa kuponda mukimo. Kazi ikiisha kila mtu anaenda kwao, na Jumamosi ingine unaweza kumpata akipikia mtu mwingine kabisa. Watu wa kuitwa wako hivyo. Rafiki yangu alielewa hiyo kitu siku ya kwanza. Mimi mpaka leo imenikwama kooni.

Mimi nikishika mtu nimeshika. Huyo rafiki yangu tulilelewa kwa ploti moja huko Mwihoko, choo moja, bomba moja, na mtu akimtusi hata leo anitafute mimi kwanza. Kupika ni yeye, alijifunza kwa jiko la mamake. Mimi biashara sikusomea mahali, nilisomea kwa simu na kwa kuuliza watu maswali mpaka wanikasirikie. Yeye mkono, mimi mdomo.

Sasa, ukipikia Wakikuyu siku ya mahari, ile ya ruracio, unaweza kuharibu pilau na wakusamehe. Mukimo ikiwa na donge, hiyo ndio watabeba waende nayo nyumbani kama habari. Na mukimo ya umati sio ya kubembeleza. Viazi, mahindi, majani ya malenge, vyote viko moto, sufuria inakufika kiunoni, na lazima uponde kabla ipoe. Huyu jamaa alikuwa anakuja na mwiko wake mwenyewe, mrefu kama mpini wa jembe, ameuvalisha foronya. Anatoa shati, anabaki na vesti, anapanda juu ya kreti ya soda, anaanza. Na hanyamazi. Anaongea na viazi. "Wewe unajificha wapi, kuja hapa. Si hata mwenzako ameiva." Wamama wa hiyo boma wanaacha kuosha sahani wanakuja kusimama hapo. Yeye anajua wanamwangalia. Alikuwa anajipenda huyo kijana, lakini kazi alikuwa anajua.

Wivu ilianza na simu moja. Mama fulani alinipigia kutoka Gatongora.

"Ni nyinyi mlipikia dada yangu?"

"Ni sisi, mum."

"Yule kijana wa mukimo atakuwepo?"

"Kila kitu itakuwepo, mum. Chapati, pilau, kuku ya—"

"Nimeuliza kijana."

Nikamwambia atakuwepo. Nikakata simu nikiwa nimeiva na hasira. Tumeamka sisi, tumewasha moto sisi, jina letu ndio liko kwa aproni, na mtu anauliza kijana.

Rafiki yangu alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua kichwa. "Si ametupatia kazi? Wacha aitishe hata mwiko."

"Na huyo kijana akihama?"

"Atahama kutoka wapi? Hajawahi kuingia."

Lakini nilikuwa nimepiga hesabu kichwani. Wengi waliokuwa wanatupigia, walikuwa wamemwona yeye kwanza. Akienda, wanaenda. Na mahali pa kwenda palikuwepo: kulikuwa na mama mmoja wa Ngoingwa, kule Thika, mwenye pikapu yake, hema zake, na wafanyakazi wamevaa sare ya maruni kama kwaya. Huyo alikuwa anaitwa kwa sherehe za watu wenye nafasi. Jumamosi moja hatukuwa na kazi, nikafungua simu nikaona status ya mtu wetu. Amesimama na hiyo maruni, mwiko begani kama bunduki, na huyo mama kando yake anacheka mpaka macho imefunga. Ameandika chini: Na bosi wangu.

Mimi hakuwahi niita bosi. Mimi alikuwa ananiita Redio.

Na usinielewe vibaya, sikuwa namtaka. Nilikuwa na mtu wangu, na hata huyo mtu wangu hajawahi kunifanya nikose usingizi vile nilikosa hiyo wiki. Nilikuwa nataka kujua kitu moja tu: kama mukimo anapondea yule mama ni kama yetu, ama yetu ndio anaweka roho.

Kwa hivyo nilienda kuionja.

Ilikuwa ruracio huko Ngoingwa, yeye mwenyewe alikuwa ameitangaza kwa status. Nikajifunga leso, nikavaa kitambaa ya kichwa, nikachukua boda kutoka mjini. Kwa geti nikapata wamama wa upande wa kijana anayeoa wamesimama wanaimba wafunguliwe, na wale wa ndani wanawajibu wakiwakataza, vile huwa. Nikaingia katikati nikaimba. Mama mmoja akaniangalia.

"Wewe ni wa nani?"

"Wa kwa auntie."

"Auntie gani?"

"Yule mnene."

Hakuna familia haina. "Haya, shika hiyo kreti," akaniambia, na nikaingia kwa sherehe ya watu nimebeba soda kichwani, nikipiga vigelegele kushinda shangazi wa damu.

Kwa laini ya chakula nilimkuta anagawa mukimo mwenyewe. Aliniona kutoka mbali. Nikajua sasa ataniharibia, maana yule bosi wake alikuwa hapo karibu anaelekeza watu wake. Lakini yeye akachota, akapanga kwa sahani yangu polepole.

"Karibu auntie," akasema. "Nikuongezee?"

"Ongeza."

Akainama kidogo. "Leso imekukaa."

"Hata hiyo maruni imekukaa."

"Si ndio. Ile aproni yenu ya kijani hunifanya nikae mgonjwa."

Nikaenda kukaa chini ya hema na nikaonja. Niliomba iwe na donge. Nilitafuta hilo donge na ulimi kama mtu anatafuta mfupa wa samaki. Haikuwa nalo. Ilikuwa laini, imeshikana, chumvi iko mahali yake. Ilikuwa mukimo yetu kabisa. Nilikuwa nimejiambia kwetu anaweka roho, kumbe roho anayo ya kutosha kila mtu.

Ningeenda nyumbani hapo. Lakini nikarudi kuongeza, kwa sababu hasira hunifanya nile, na nikiwa nimesimama hapo yule mama akakuja nyuma yake.

"Jumamosi ijayo ni Juja," akamwambia. "Kubwa kuliko hii. Unakuja mapema."

"Jumamosi ijayo nimeshikwa, mum."

"Na nani?"

"Wasichana fulani wa Mwihoko."

"Tena hao? Wako na nini hao?"

"Walipiga kwanza."

"Nitakuongezea kitu."

"Si hiyo, mum. Mwenye amepiga kwanza, hiyo siku ni yake. Hata ungekuwa wewe umepiga kwanza, wao ndio ningewaambia hivi."

Yule mama akabadilika uso, akageukia sufuria ya kuku akaanza kugombana nayo. Hiyo sura niliijua, ni yangu. Mtu mwingine angefurahi. Mimi niliumia zaidi. Walipiga kwanza. Kumbe hiyo tu. Hakusema wanapika vizuri, hakusema ni watu wangu. Alisema kama mtu anaelezea foleni ya kinyozi.

Nikaweka sahani chini, nikatoka mpaka nyuma ya magari, nikampigia. Nilimwona kupitia kwa ua akipangusa mkono kwa aproni akichukua simu.

"Jumamosi ya baada ya hii ya kwetu, uko?"

"Niko."

"Nimekushika. Na ingine?"

"Pia niko."

"Nimeshika. Na zingine?"

"Redio, mpaka lini?"

"Mpaka Pasaka. Zote."

"Mko na kazi hizo zote?"

"Wewe shika tarehe. Mambo ya ofisi niachie."

"Sawa. Umepiga kwanza," akasema, na akarudi kwa mukimo.

Nilipomwambia rafiki yangu alikaa chini. Aliuliza tuko na kazi ngapi mpaka Pasaka na nikamwambia zitakuja. Akasema nimenunua kitanda cha mtoto kabla nipate bwana. Hakunipigia kelele, na hiyo ndio mbaya na yeye, akikasirika huanza kufagia.

Basi nikatafuta kazi. Sijawahi kuongea vile niliongea hiyo miezi. Nilienda kwa vyama vya wamama, kwa kamati za harusi, kwa shule iliyokuwa inaaga mwalimu. Nilienda Thika kwa duka ya vifaa vya stima ya mzee mmoja Mhindi aliyetaka kulisha wafanyakazi wake, akaniambia yeye hali nyama, nikamwambia mzee, mukimo haina nyama hata kidogo. Alikula akarudia, akaita na bibi yake aonje. Jumamosi baada ya Jumamosi nikazijaza, zingine ndogo mpaka aibu, mukimo ya watu wanatosha kwa meza mbili. Mtu wetu alikuja zote. Alikuwa wetu, na mimi nilikuwa nimechoka kama punda, na nilikuwa na raha.

Halafu ikaja wiki moja Jumamosi yake haina kitu. Jumatatu hakuna, Jumatano hakuna. Alhamisi nikasikia yule mama wa Ngoingwa ako na harusi kubwa na anatafuta mponda mukimo kama mtu amepoteza mtoto sokoni. Mtu wetu alikuwa amemkataa kwa sababu yangu.

"Mpigie umwambie hakuna kazi," rafiki yangu akasema.

"Nikimwambia hivyo atajua nilikuwa nashika siku za hewa. Hatawahi niamini tena nikipiga."

"Basi?"

Kwa huyo kijana neno la simu ndio lilikuwa mkataba. Na mimi nilikuwa nimemfanya akatae kazi ya kweli. Nikazunguka nyumba, nikatoka nje, nikarudi. Halafu nikampigia yule mama. Namba yake iko kwa mlango wa pikapu, kila mtu anayo.

"Habari ya mchana, mum. Nasikia Jumamosi uko na harusi."

"Nani mwenzangu?"

"Ni wa Mwihoko."

"Nyinyi ndio mmemfungia yule kijana."

"Sasa Jumamosi naweza kukuachia yeye. Hiyo moja."

"Unaniachia."

"Nakuazima, mum."

Akacheka, kicheko kirefu ya mtu mzima. "Hamna kazi?"

"Kazi tunayo. Ni heshima tu."

"Haya, mami. Asante kwa kunirudishia mtu wangu."

Wangu. Alisema hivyo, akakata. Rafiki yangu alininyang'anya simu, alijua nitapiga tena.

Hiyo Jumamosi nilifua nguo zote za nyumba, hata zilizokuwa safi. Jioni mtu wetu akapiga. Alikuwa na furaha, alisema harusi ilikuwa noma, amepewa chakula ya kubeba, na eti asante kwa kumwachilia hiyo siku, wengine hawangefanya hivyo. Nikamwambia ni kawaida. Halafu akasema, "Lakini Redio, Jumamosi za baada ya Pasaka, usinihesabie."

"Kwa nini?"

"Yule mum amezishika. Zote mpaka Agosti. Alinipigia simu nikiwa bado hapo kwake, nimesimama mbele yake, ndio iwe amepiga."

Rafiki yangu alikuwa ananiangalia uso, na akaanza kutafuta ufagio.

"Si unajua vile hukuwa," mtu wetu akasema, na alikuwa ananionea huruma kweli. "Alipiga kwanza."

"Na Jumapili?" nikamuuliza.

"Jumapili sifanyi kazi. Jumapili mimi huwa kanisani, Ruiru."

"Kanisa gani?" nikasema. "Na ni nani huwapikia?"